Mume Wangu Ananiita Kobe

Kwa waliotukosa wiki jana, niwakumbushe kidogo, nisije nikaonekana mwendawazimu tangu mstari wa kwanza.

Mimi ni fundi cherehani. Nina duka dogo lenye mashine moja, kioo kirefu kimoja na pazia la kupimia nguo. Mume wangu ni mtunza stoo wa kiwanda cha rangi. Hanywi, havuti, hapigi mtu. Ana ugonjwa mmoja tu, nao ni gemu la vita.

Tena si vita vya leo. Ni vita vya zamani, vya mahandaki na matope, ambavyo bunduki yake unaikoki kwa mkono kila risasi na habari zinapelekwa na njiwa. Humo ndani mume wangu anaitwa Kamanda. Kila jioni anaweka mashine yake chini ya televisheni, anavaa hedifoni, anashika pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea gemu, na kuongoza kikosi cha watu ambao hajawahi kuwaona sura.

Mdogo wangu alipoenda masomoni mbali aliniachia na yeye mashine yake ya gemu pamoja na runinga ndogo, nimtunzie dukani. Siku moja nikaiwasha kwa hasira tu. Nilitaka nione ni kitu gani hicho kinachomfanya mume wa mtu asisikie akiambiwa chakula kiko mezani. Nikajipa jina Kobe, nikaingia kwenye kikosi chake bila kumwambia. Nikachagua kuwa tabibu, maana tabibu hubeba bomba la sindano, na mimi na sindano tumezoeana tangu utotoni.

Yaliyofuata mnayajua. Kobe akawa tabibu bora wa kikosi, na mume wangu akawa hali bila kunisimulia habari zake. Kobe ni mwanaume wa shoka. Kobe haachi mtu nyuma. Kobe hana maneno mengi.

"Ungekuwa na utulivu kama wa Kobe, mama watoto," aliniambia siku moja akijiongezea mchuzi, "nyumba hii ingekuwa pepo."

Kobe hana maneno mengi kwa sababu akifungua mdomo tu kuna ndoa itabadilika. Kwenye waya wa hedifoni zangu kuna swichi ndogo ya maiki, na mimi huiweka chini, imezimwa. Kikosi kizima kinajua maiki ya Kobe ni mbovu. Hujibu kwa amri zilizomo ndani ya gemu lenyewe, za kubonyeza: Ndiyo. Hapana. Subiri. Songa mbele. Rudi nyuma. Nakuja. Ndiyo lugha yangu nzima hiyo.

Na ili nisije nikajisahau nikapiga kelele dukani, nikicheza huwa nabana pini mdomoni, kama ninavyofanya nikimpima mteja. Mama yangu mzazi, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi, amenigombeza kwa tabia hiyo usichana wangu wote. Anasema ipo siku nitaimeza moja. Sijaimeza bado.

Sasa wiki jana tuliachana pabaya. Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, nikiwa namsubiri mteja. Nikawasha gemu nijinyooshe vidole, na nani nimkute handakini kama si Kamanda. Saa hizo alipaswa kuwa stoo katikati ya makopo ya rangi. Kabla sijamaliza kushangaa, sauti yake ikaniingia masikioni, ya chini, kama mtu anayeogopa kuta.

"Kobe, usinishangae saa hizi. Niko kwa mtu. Mke wangu hajui."

Haya, tuendelee.

Kuna maneno mtu hapaswi kuyasikia akiwa na pini mdomoni. Nilitaka kuuliza kwa mtu gani. Nilitaka kuuliza mtu huyo ana nini ambacho mimi sina. Nikaangalia lugha yangu ya amri sita na hakuna hata moja iliyofaa. Nikabonyeza "Ndiyo."

"Ndiyo, wewe unanielewa," Kamanda akasema, akashusha pumzi.

Kisha nikasikia kitu nyuma ya sauti yake. Mizinga ilikuwa ikilia, lakini sikio la fundi ni sikio la fundi. Kulikuwa na cherehani inashona. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na aliyeikanyaga hakuwa mwanafunzi.

Damu ikanipanda. Mume wangu amepata mwanamke mwingine, na mwanamke mwenyewe ni fundi cherehani! Mji mzima huu, una makarani, una wasusi, una wauza maua, yeye katoka kwa fundi akaingia kwa fundi. Hata kama mtu anataka kuniumiza, si angalau ajitahidi kidogo?

Na mashine yenyewe haijatiwa mafuta. Nilisikia vizuri inavyokwaruza.

Halafu sauti ya mwanamke ikaita kwa mbali kwamba chai inapoa. Mume wangu akaitika, "Naam, nakuja sasa hivi."

Naam. Mimi miaka yote hii naitikiwa "eeh." Siku nikiwa na bahati naitikiwa "nini tena."

Wakati huohuo pazia la mlangoni likasogea, akaingia mteja wangu, nesi wa zahanati ya ng'ambo ya barabara, aliyekuja kupimwa sketi ya sare. Nesi huyu ndiye mtu pekee anayejua kuwa Kobe ni mimi, kwa sababu aliwahi kunikuta nikijikunja chini ya meza ya kukatia vitambaa nikikwepa mzinga. Hakuuliza kitu. Alivaa sketi, akajipanga mbele ya kioo, nami nikaanza kumbana pindo upande mmoja kwa mkono wa kulia huku pedi nimeishika kwa wa kushoto.

"Kobe," mume wangu akasema, "kuna jambo limenikaba hapa kooni. Nikikuambia wewe najua halitatoka. Ni hivi, mimi..."

Risasi ikatoka upande wa kinu kilichoungua. Kamanda akaanguka kifudifudi kwenye matope, na sauti ikakatika.

Niwaeleze, maana wengine hamchezi. Katika gemu hili unamsikia askari aliye karibu nawe tu, tena akiwa hai. Akianguka, kimya. Tabibu ana nafasi fupi ya kumfikia na kumdunga sindano ainuke. Akichelewa, yule aliyeanguka anatupwa huko nyuma kabisa ya uwanja, na mpaka mje mkutane tena atakuwa amekwisha kubadili mawazo. Namjua mume wangu. Ujasiri wake haukai sana.

Kwa hiyo mume wangu amelala katikati ya uwanja wa wazi na siri yake mdomoni, na mimi niko nyuma ya magunia ya mchanga. Tabibu mwenye akili angesubiri moshi. Mimi niliruka.

Nikapita chini ya seng'enge. Nikapita mbele ya bunduki la rashasha ambalo kikosi kizima kilikuwa kinaliogopa tangu mchezo uanze. Nesi, pindo limebanwa upande mmoja na upande mwingine unaning'inia, akageuka kutazama runinga.

"Mgonjwa ana hali gani?" akauliza.

Nikaguna kupitia kwenye pini.

"Basi usimdunge ukiwa umesimama," akasema. "Inama, utapigwa na wewe."

Nikainama. Nikamdunga. Kamanda akakohoa, akainuka, tukaviringika pamoja ndani ya shimo lililochimbwa na bomu.

"Kobe," akasema akitweta, "pale hata mke wangu asingenifuata."

Nikazing'ata zile pini mpaka zikalia.

Tukakaa humo shimoni, yeye na mimi, bunduki zimetulia magotini. Na mume wangu akanieleza, mimi Kobe, kile ambacho mimi mkewe sikukijua.

Hana kazi. Kiwandani wameleta mtambo unaohesabu makopo wenyewe, unajua lipi limeingia na lipi limetoka, na stoo haihitaji tena mtu wa kusimama mlangoni. Wakamshukuru kwa utumishi wake, wakampa chake mkononi, wakampeleka mpaka getini. Ilikuwa kabla mvua hazijaanza, na sasa mvua zimekwisha. Kile alichopewa ndicho anachoniletea kila mwisho wa mwezi akikiita mshahara. Na kila asubuhi anavaa shati nililompigia pasi mimi, anabeba mkoba, ananiaga, anaondoka.

Nikakumbuka yale mashati. Zamani shati lake halikurudi bila tone la rangi, na mimi nilikuwa nikimsema kwamba ananifanya nionekane sijui kufua. Hivi karibuni yakawa yanarudi meupe. Mimi, mwenye macho ya fundi, niliona hilo nikamsifu. Nilimwambia mbele ya watu kwamba hatimaye amejifunza usafi. Na ule mkoba ambao umekuwa mzito, akaniambia ni vitabu vya stoo, ndimo mlimokuwa na mashine ya gemu.

Wivu wangu wote ukaniishia miguuni. Nilimhurumia. Hapohapo nikamkasirikia, kisha nikajikasirikia mimi mwenyewe zaidi. Mtu analala pembeni yangu, na mimi habari zake nazipata shimoni.

"Si amwambie mkewe," nesi akaiambia runinga, kana kwamba anasikika.

Kamanda akajibu kana kwamba amesikia.

"Najua utaniuliza mbona simwambii mke wangu," akasema. "Kobe, mke wangu anaongea kutwa. Maneno yake nimeyazoea kama mvua juu ya bati, yakikosekana silali. Hayo siyaogopi. Naogopa nitakapomwambia, aniangalie, halafu anyamaze."

Pini niliyokuwa nataka kuichomeka kwenye pindo nikairudisha mdomoni.

Ni kweli. Mimi nikiumizwa hasa, hunyamaza. Sikujua kama anajua.

"Nimwambie?" akauliza.

Nikabonyeza "Ndiyo."

"Leo hii?"

Nikabonyeza "Songa mbele."

Kamanda akavuta pumzi ndefu, akasimama, akachomoka shimoni mbio kuelekea moja kwa moja kwenye lile rashasha. Bwana huyu. Mimi namtuma kwa mkewe, yeye anakwenda kwa adui. Labda alikuwa anapima ni yupi mwenye nafuu. Hakufika mbali, akaanguka tena, na mimi nikamfuata tena, sindano mkononi, nesi akinihesabia pumzi nyuma yangu kama mtu anayezalisha.

Nilipomwinua, lile rashasha lilikuwa limenyamaza, nadhani mpigaji naye alikuwa akitucheka. Uwanja ukawa kimya. Na katika kimya kile nikaisikia ile cherehani vizuri, kwa mara ya kwanza, bila mizinga.

Inakwenda, inakwenda, tak. Inakwenda, inakwenda, tak.

Nikaliachia pindo la nesi.

Cherehani ya kukanyaga ina mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu. Mkanda ukikatika, watu wanaojua kazi wananunua mwingine. Mtoto asiyejua kazi, aliyekuwa akiichezea mashine ya mama yake bila ruhusa mpaka akaukata, huufunga fundo na kuomba lisionekane. Halionekani, lakini linasikika. Kila mara fundo likipita kwenye gurudumu linagonga, tak. Nilichapwa kwa ajili ya fundo lile. Nikaja nikakua, nikafungua duka langu, na kila nikimtembelea mama namwahidi mkanda mpya. Sijampelekea mpaka leo.

Mume wangu yuko kwa mama yangu.

Nilikaa chini sakafuni, nikanyanyua chaki na kuandika juu ya kitambaa cheusi cha watu, MAMA.

"Mama yake?" nesi akauliza.

Nikajigusa kifua.

"Mama yako wewe?" Akafikiri. "Sasa huyo si hawara tena. Huyo ni mkwe."

Ashukuriwe Mungu kwa kila jambo, lakini kikulacho ki nguoni mwako. Mama yangu huyohuyo, Jumapili iliyopita tu, nilimtembelea akaniuliza kwa uso mkavu kabisa kama mume wangu hajambo, na mbona kazi zinambana hivyo hata haji kumsalimia. Akanishauri nimpikie vizuri maana kazi ya kusimama kutwa inachosha. Na kiti alichonikaribisha nikae, siku hiyo mume wangu akiwa ameniaga kwenda zamu ya ziada, kilikuwa bado cha moto, nikadhani ni jua la dirishani.

Nikiwa bado hapo sakafuni, nikasikia mikwaruzo masikioni, kisha sauti yake, karibu sana, karibu kuliko ninavyopenda kuisikia nikiwa handakini.

"Ndiye huyu Kobe? Hebu nipe hicho kidude nimsalimie."

Mume wangu akamwambia kwa adabu zote kwamba Kobe hana maiki, atamsikia tu lakini hatamjibu kwa mdomo. Mama akasema hilo si tatizo, amezoea kuongea na wanaume. Akavishwa hedifoni.

"Hujambo, mwanangu," akasema.

Shikamoo ilinitoka tumboni yenyewe. Ikapanda, ikafika kwenye meno, ikakutana na pini, ikarudi. Nikabonyeza "Ndiyo." Nimemwitikia mama yangu mzazi "Ndiyo," kavu hivyohivyo, kama askari.

"Nakushukuru kwa kumtunza mkwe wangu," mama akaendelea, na mimi namwona Kamanda mbele yangu amesimama wima kama mlingoti, maana hakuna aliyeshika pedi. "Siku ya kwanza alikuja akasema anapita tu kunijulia hali. Akakaa mpaka jioni. Kesho yake akapita tu tena. Mtu mzima akipita tu siku mbili mfululizo, humuulizi, unamwekea kiti."

Adui mmoja akatokeza kona ya handaki. Nikamtoa. Sikutaka mtu amkatize mama yangu.

"Lakini nimechoka, mwanangu. Namdanganya binti yangu usoni. Jumapili alikaa hapa nikamwangalia, nikatamani kumwambia, nikaona si siri yangu. Huyu mkwe wangu hanisikii mimi. Wewe anakusikia. Hebu mhimize aseme."

Nikabonyeza "Ndiyo." Machozi yalikuwa yananitoka na sikuweza hata kuvuta kamasi kwa ajili ya zile pini.

Kisha sauti ya mume wangu ikasikika ikikaribia maiki. Alikuwa ameamua. Atasema jioni hii, mezani, bila kuzunguka. Ila peke yake hawezi, atakimbia kama kawaida yake. Kwa hiyo anamwomba rafiki yake Kobe aje nyumbani kwake, akae pale pale mezani. Kobe hajawahi kumwacha mtu nyuma, na safari hii asimwache. Yeye anatoka uani kumpigia mkewe simu amwambie kuna mgeni, kwa sababu mbele ya mama mkwe anaona haya.

"Mama, naomba ubaki umezivaa hizo," akasema. Nikasikia mlango.

Mama akabaki na hedifoni kichwani, na ile mashine ikaanza tena. Inakwenda, inakwenda, tak.

Simu yangu ikalia kwenye rafu.

Nesi akairukia anipe. Pini za pindo lake zikanasa kwenye waya wa hedifoni zangu, akauvuta, ukakwama, akaunasua kwa nguvu, akaomba radhi. Hedifoni zikateleza zikabaki shingoni mwangu. Sikuyatilia maanani yote hayo. Nilikuwa natazama jina la mume wangu likiwaka kwenye simu.

"Eeh," nikaitika.

"Mbona unaongea hivyo?"

"Nina pini mdomoni. Kuna mteja."

Akasema haya. Akakohoa. Akasema jioni tuna mgeni. Nikamuuliza mgeni gani, na sauti yangu nikaisikia ni ya kawaida kabisa, ajabu ya Mungu. Akasema ni rafiki yake, yule Kobe.

"Kobe huyo anakula nini?" nikauliza.

"Si chakula kama sisi tu. Kwa nini?"

"Nilidhani majani."

Mume wangu akacheka. Alicheka kutoka ndani, na ndipo nilipogundua kwamba hajacheka hivyo kwa muda mrefu, na mimi niliyeketi naye kila siku sikuwa nimeona. Kicheko kilipomwisha hakukata simu.

"Mama watoto," akasema, "jioni nina neno la kukuambia. Utakalonijibu lolote nijibu. Gomba ukitaka. Ila nakuomba usininyamazie."

Nikamwambia haya. Akakata.

Nikabaki nimeishika simu. Nesi alikuwa anapangusa macho kwa pindo la sketi ambalo sijalimaliza. Nikazirudisha hedifoni masikioni nimlinde Kamanda, maana yuko peke yake handakini amesimama kama sanamu.

Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Toa pini mdomoni, mwanangu," mama akasema. "Mara ngapi nimekuambia?"

Nikashusha macho kwenye waya. Ile swichi ndogo ya maiki ilikuwa imepanda juu, na pembeni yake kimewaka kijitaa cha kijani.

Kumbe Kobe mwenye maiki mbovu alikuwa ameongea na mumewe kwenye simu huku mama yake mzazi amevaa sauti yake masikioni.

"Usihangaike kukana," mama akasema taratibu. "Nimekuzaa, na pini hizo nimezisikia tangu una meno ya utoto. Sasa nisikilize, maana anarudi huyo. Kama nilivyomfichia yeye, nitakufichia na wewe. Ila jioni mezani kuna kiti kimoja. Atakaa Kobe au atakaa mke wake. Wote wawili hawaenei."

Ndugu wasomaji, niliona mambo mawili tu. Nikijitaja, nampokonya rafiki pekee aliyeweza kumwambia kweli, tena siku aliyomhitaji kuliko zote, na atajua kwamba aliyoyasema shimoni aliyasema usoni pangu. Nisipojitaja, jioni atakaa akisubiri mgeni ambaye hatokei, ujasiri utamwisha, na kesho atavaa shati langu safi aende tena kwa mama. Na mimi nitakuwa mwongo wa pili ndani ya nyumba moja, au wa tatu, nikimhesabu mama.

Mlango ukasikika. Hatua za mume wangu zikaingia haraka haraka, za mtu aliyepunguziwa mzigo.

"Amekubali, mama. Tena ametania. Kobe bado yupo?"

"Yupo," mama akasema.

Akakaa. Kamanda akatikisika mbele yangu, akageuka, akanitazama na ule uso wake wa vita vya zamani wenye matope.

"Kobe, ndugu yangu, jioni utakuja?"

Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya kitufe. Ndiyo iko kushoto, Hapana iko kulia. Sikubonyeza.

"Maiki yake mbovu, mama," nikamsikia akimweleza. "Huwa anabonyeza tu. Labda wamemwita."

"Muulize tena," mama akasema. "Leo atakujibu kwa mdomo."

Nikaweka pedi juu ya meza ya kukatia. Nikavuta kile kimto changu cha pini, nikaanza kuzitoa, moja moja, nikizichomeka. Nesi alikuwa amejishika kifua kwa mikono miwili, na sketi yake imeshuka upande.

"Kobe?" mume wangu akaita. "Kobe, upo?"

Nikachomoa pini ya mwisho.